Foo-wili ya pikapu ikigoma: jua kwanza anayegoma ni nani

Siku mbili nzima niliwahi kulala chini ya pikapu moja iliyogoma kuingia foo-wili, yaani kusukumwa na magurudumu yote manne. Nikashusha transfa, nikaifungua, nikaosha gia zake moja moja, nikakuta zote nzima. Nilipoirudisha ikagoma vilevile. Kumbe kosa ni mpira wa vakyumu (mrija wa kunyonya hewa), kipande cha urefu wa kidole, uliopasuka pale unapoingia difu ya mbele. Tangu siku hiyo sishiki spana kabla sijamjua mgomaji, na wanaoweza kugoma ni watatu: transfa (ile giaboksi ndogo iliyo nyuma ya kubwa), difu ya mbele (gia zinazogawa nguvu kwa magurudumu mawili ya mbele), na habu za magurudumu ya mbele (vitovu vinavyounganisha ekseli na gurudumu).

Lakini anza kwa kuhakikisha kwamba kuna ugonjwa. Taa ya foo-wili ikiwakawaka mara nyingi maana yake ni kwamba meno bado hayajaumana. Sogeza gari mita chache mbele, kisha nyuma, usukani umenyooka. 4L (foo-wili ya mwendo wa polepole na nguvu nyingi) ni kaidi zaidi. Pikapu nyingi zinataka gari lisimame kabisa na gia iwe huru, la sivyo unazungusha swichi bure. Kama habu zako ni za kufunga kwa mkono, shuka uziangalie zote mbili. Usinune, nimeshaona dereva mzoefu aliyefunga moja na kuisahau nyingine.

Bado inagoma? Ingiza 4H (foo-wili ya mwendo wa kawaida), sogeza gari kidogo, halafu zima injini. Weka kabari mbele na nyuma ya magurudumu ya nyuma, vuta breki ya mkono, kisha inua gurudumu moja la mbele na uliegemeze gari kwenye stendi. Jeki peke yake usiiamini. Gurudumu hilo lazima liwe hewani, kwa sababu magurudumu yote yakiwa chini yanaweza kuishikilia propela ya mbele (shafti inayotoka transfa kwenda difu ya mbele) na kukudanganya.

Ingia chini, shika propela ya mbele, jaribu kuizungusha. Kucheza kidogo ni kawaida. Ikizunguka huru, transfa haijaingia. Ikikaza, transfa imefanya kazi yake, iache.

Propela ikiwa imekaza, geukia gurudumu lililo hewani, ulizungushe huku jicho likiwa kwenye ekseli yake. Hapa ndipo wengi wanapopotea. Gurudumu likizunguka na ekseli imetulia, habu ya upande huo haijashika. Likizunguka pamoja na ekseli, habu hiyo ni nzima, na mtuhumiwa ni difu au habu ya upande wa pili. Shusha, inua upande huo mwingine, rudia. Pande zote mbili ekseli zikifuatana na magurudumu, umefika: ni kiungo cha ndani ya difu.

Transfa ya swichi isikilize kwanza. Washa umeme bila injini, mtu azungushe swichi, wewe tega sikio chini: mota inayoingiza gia za transfa inanguruma kidogo, kisha "tak". Ikiwa kimya, angalia fyuzi, rilei (swichi inayoendeshwa na umeme), halafu plagi ya mota, ambayo hukaa mahali tope linapopenda kuingia na kuotesha kutu ya kijani. Pima kwa testa wakati ule ule swichi inapozungushwa, kwa kuwa baadhi ya magari hupeleka umeme kwa muda mfupi tu. Umeme ukifika na mota haijibu, igonge taratibu kwa mpini wa nyundo. Ikiamka, brashi zake huenda zimechoka. Huo ni ushahidi, si dawa. Itagoma tena ukiwa kwenye tope. Transfa ya mtambo wa mkono ni rahisi: kagua bushi na vyuma vinavyounganisha mtambo na transfa.

Difu inayounganishwa kwa vakyumu kwa kawaida ina mipira miwili. Ichomoe, washa injini, weka kidole. Mmoja unatakiwa kunyonya kwenye 2H (magurudumu mawili tu yakisukuma), na ukiingiza 4H mnyonyo uhamie kwa mwenzake. Usipohama, fuata mipira kurudi nyuma hadi kwenye soleneidi zake (vali ndogo za umeme). Angalia pia kama gari lako halifanyi kinyume: kwenye Ford F-150 ya 2004 na nyingi zilizofuata, vakyumu ndiyo inayoachanisha habu, hivyo mpira ukivuja habu hujishika nusunusu na kutoa mlio wa kukereza hata ukiwa 2H.

Habu fungua kifuniko chake. Adui ni grisi nyingi iliyoganda, kosa la mtu mwenye nia njema. Futa, osha, kausha, kisha paka grisi nyembamba tu.

Ikitokea propela imekaza, magurudumu yamekaza, gari linavuta vizuri lakini taa haiwaki, foo-wili yako ni nzima. Ichunguze swichi ndogo ya taa iliyochomekwa kwenye transfa. Tega chombo cha oili kabla ya kuifungua, bonyeza kitufe chake cha mbele huku meta imeunganishwa kwenye ncha zake. Meta isipobadilika, nunua swichi nyingine na uifunge pamoja na washa mpya (kile kipete kinachokaa chini yake).