AC ya juu ya kempa (gari la kusafiria lenye sehemu ya kulala) inavujisha maji? Anzia hapa

Kabla hujafungua chochote jiulize, maji yanadondoka lini? Kama ni mvua ikinyesha tu hata AC ikiwa imezimwa, hapo ishuku gasketi (sponji inayoziba kati ya AC na paa), ila kama ni jua kali na AC inapiga kazi basi hayo ni maji yanayoganda kwenye koili (mabomba ya kupozea hewa) yamekosa njia ya kutokea.

Zima umeme kabisa, chomoa na waya wa nje. Ndani toa kava la dari, utaona bolti 4 ndefu zinazoivuta AC ibane kwenye paa. Mtikisiko wa barabarani huzilegeza na gasketi ile ya sponji nayo inalala kadiri miaka inavyokwenda. Kaza kidogo kidogo kwa kupokezana kona, gasketi mpya ina unene wa kama inchi 1 na ikibaki nusu inchi inatosha, ukizidisha utapinda paa. Imeshakuwa bapa kama chapati? Nunua mpya tu, usijidanganye.

Na tafadhali sana usizungushie silikoni kwa nje!! Maji ya koili yanatakiwa yamwagike juu ya paa yajiendee, ukiyazibia yanarudi ndani.

Kama shida ni koili, panda juu, fungua kava, safisha trei na vitundu vyake, mara nyingi utakuta majani na tope limegandamana. Filta nayo isafishe. Halafu mwagia maji taratibu, mwenzio akae ndani na tochi aangalie.