Namna ya Kueleza Uhalifu kwa Kuchunguza Fikra za Mhalifu

Maelezo ya kiutambuzi kuhusu uhalifu hujibu swali moja: mtu aliyevunja sheria alikuwa akifikiri nini, na fikra zake zilitofautiana vipi na za mwingine aliyekuwa katika hali ileile lakini asitende kosa? Kabla hujataja nadharia yoyote, chukua kisa unachotaka kukieleza, kisha uandike upande mmoja fikra ambazo una sababu ya kuamini kwamba zilitangulia kitendo, na upande wa pili maneno aliyoyasema mhusika baada ya kukamatwa. Wanafunzi wengi huruka hatua hii, nao huishia kuuchukua udhuru uliotolewa mahakamani na kuugeuza kuwa chanzo cha kosa.

Kwa upande wa kwanza, anza na uamuzi wa kimaadili. Mwanasaikolojia Lawrence Kohlberg, katika tasnifu yake ya mwaka 1958, aliwasimulia wavulana visa vyenye utata, kikiwemo cha mume anayeiba dawa asiyoweza kuinunua ili amwokoe mkewe anayekaribia kufa. Hakujali sana kama mvulana alijibu kwamba mume yule alifanya vyema au vibaya; alichokipima ni sababu iliyotolewa. Anayesema mume asiibe kwa kuwa atafungwa, na anayesema aibe kwa kuwa atakosa wa kumtunza, wote wamo katika ngazi ya chini, kwa maana wanapima kitendo kwa adhabu na faida ya mtendaji. Ngazi ya kati hutazama sheria na matarajio ya jamii, na ya juu hutazama misingi ya haki. Kwa hiyo, unapoichambua kauli ya mhalifu, tafuta sababu iliyo nyuma yake wala usihesabu kauli njema na mbaya.

Ushahidi wa kuunga mkono hoja kwamba wahalifu huelekea kufikiri katika ngazi ya chini upo. Palmer na Hollin, mwaka 1998, waliwalinganisha vijana wa kiume 126 waliopatikana na hatia na vijana wasio wahalifu, wavulana 122 na wasichana 210, wakaona kwamba sababu walizotoa wahalifu hazikukomaa kiasi cha zile za wenzao wasio wahalifu. Hata hivyo, usiinyooshe nadharia hii ikafunika kila kosa. Inamfaa zaidi anayeiba akiamini hataonekana kuliko anayempiga mwenzake kwa hasira, kwa sababu aliyewaka hasira hakupata hata muda wa kupima faida. Tena, kujua kueleza lililo haki si sawa na kulitenda.

Kwa kosa la hasira, geukia namna mtu anavyosoma nia za wengine. Hapa ndipo ninapoona nguvu kubwa zaidi ya mtazamo huu. Mwaka 1980 Kenneth Dodge alichapisha utafiti ambamo wavulana wakali na wasio wakali waliambiwa kwamba mwenzao ameharibu fumbo la vipande walilokuwa wakilipanga. Ilipokuwa wazi kwamba mwenzao alikusudia, au kwamba ilikuwa ajali, makundi yote mawili yaliipokea habari ipasavyo. Tofauti ilijitokeza pale nia ilipokuwa haijulikani: wavulana wakali walijibu kana kwamba wametendewa kwa makusudi. Schönenberg na Jusyte, mwaka 2014, walipata jambo linalofanana na hilo kwa wafungwa 55 wenye historia ya ukatili, ambao walielekea kuona hasira katika picha za nyuso zenye hisia mchanganyiko.

Basi usiandike tu kwamba mshtakiwa "huona uadui kila mahali", kwa sababu utafiti hausemi hivyo. Eleza ni ishara gani katika tukio ilikuwa na utata, jinsi mtu mwingine angeweza kuipokea, na jinsi mhusika alivyoipokea. Kijana aliyepigwa kikumbo katika umati akageuka na kurusha ngumi ni mfano unaofaa. Kijana aliyetukanwa waziwazi kisha akapigana haufai, maana uadui hakuubuni.

Sasa fungua upande wa pili wa karatasi. Mwaka 1957 wanasosholojia Gresham Sykes na David Matza walitaja njia tano ambazo kwazo vijana wahalifu hujitetea: kukana kuwajibika, kukana madhara, kudai kwamba aliyetendewa alistahili, kuwashutumu wanaowashutumu, na kudai kwamba walitenda kwa ajili ya wenzao. Saikolojia nayo huzungumzia kupunguza uzito wa kosa, kama vile karani aliyechukua fedha za mwajiri anaposema alikopa tu. Shadd Maruna na Ruth Mann, mwaka 2006, walionya kwamba watu wa kawaida nao hujitetea vivyo hivyo wanapokosea, na kwa hiyo udhuru peke yake hauthibitishi kwamba mtu ana fikra za kihalifu.

Tatizo ni kwamba Sykes na Matza wenyewe walidai kuwa utetezi huo hutangulia kosa na kulifungulia njia, kwa hiyo mpaka ulioweka kwenye karatasi yako hauwezi kuwa ukuta. Kauli iliyozaliwa kama udhuru wa wizi wa kwanza huweza kuwa kibali cha wa pili. Usiseme fikra fulani "ilisababisha" kosa ikiwa ilipimwa mtu akiwa tayari gerezani, mahali ambapo kutazama kila uso kwa tahadhari huweza kuwa funzo la mazingira. Sema inahusiana na kosa, kisha uonyeshe kilichopo kuhusu mfuatano wa wakati. Karani aliyeandika kwa siri, tangu siku ya kwanza, kila kiasi alichochukua na tarehe aliyokusudia kukirudisha ameacha ushahidi kwamba neno "mkopo" alikuwa nalo kabla ya kutenda. Asiyekuwa na kumbukumbu yoyote, na ambaye neno hilo limesikika kwake mara ya kwanza mbele ya mpelelezi, abaki upande wa pili wa karatasi.