Bogenvilia ya Dodoma haitaki kudekezwa

Kila anayenilalamikia kwamba bogenvilia yake ina majani tele lakini haitoi maua, mimi humuuliza kwanza kama anaimwagilia kila siku. Karibu wote hujibu ndiyo. Mmea huu asili yake ni Amerika Kusini, umezoea kiangazi, na Dodoma yetu yenye msimu mmoja wa mvua, Desemba hadi Aprili, unaipenda sana. Kiu na jua kali ndivyo vinavyouchochea kuchanua. Ukiushibisha maji na mbolea ya kukuzia, utakupa majani tu.

Mimi niko Ilazo, na bogenvilia zangu zote zilitokana na matawi ya kuomba kwa majirani. Omba tawi lililokomaa kiasi, unene wa penseli, lisiwe laini la kijani wala gogo la zamani. Kata kipande cha urefu wa shubiri, mkato wa chini uwe mshazari chini kidogo ya kifundo. Ondoa majani, bakiza mawili ya juu. Chomeka kwenye kiriba, yaani kifuko cha plastiki cha kuoteshea miche, chenye mchanga wa korongoni uliochanganywa na udongo wa juu, vifundo viwili vizame. Weka kivulini, udongo uwe na unyevu bila kulowa chapachapa. Chomeka vingi, maana si vyote vitakavyoshika. Na viriba usiviweke chini: vipange juu ya matofali, la sivyo mchwa watavimaliza kabla havijaota mizizi.

Baada ya miezi miwili mitatu, majani mapya yakishakolea, hamishia nje, ikiwezekana mvua zinapoanza. Hapa nakuomba uwe mpole. Mizizi ya bogenvilia hukatika kwa urahisi sana, kwa hiyo usiuvute mche wala kuukung'uta udongo. Chana kiriba kwa wembe, uushushe pamoja na bonge lake. Shimo liwe la kina cha goti, hatua moja kutoka ukutani, mahali panapopigwa na jua saa sita au zaidi kwa siku. Changanya ndoo ya samadi ya mbuzi iliyooza vizuri, basi, imetosha. Kama kiwanja chako kina udongo mweusi wa mbuga unaotuamisha maji, inua tuta, kisha panda mche juu yake, kwa sababu maji yaliyosimama huozesha mizizi. Zungushia matawi ya miiba hadi mche ukue. Mbuzi wa mtaani hawachagui.

Miezi ya mwanzo mwagilia kila baada ya siku mbili tatu. Ukishashika, subiri udongo ukauke kabisa, majani yaanze kulegea kidogo, ndipo umwage ndoo nzima polepole. Kwa bei ya maji ya boza kiangazi, hili ni jambo la kushukuru.

Bogenvilia haina vikono vya kujishikiza kama mzabibu. Ifunge kwa vitambaa vya khanga kuukuu, usitumie waya, waya hukata gome. Ipandishe kwa ndani ya ukuta, ikifika juu iache imwagike nje. Fanya hivyo kabla ya upepo wa Juni na Julai, ambao huvunja matawi yasiyofungwa.

Usiogope kupogoa. Maua hutoka kwenye machipukizi mapya, kwa hiyo kila rangi inapopukutika punguza matawi, hasa yale marefu yaliyonyooka. Vaa glavu nene na ulinde macho, miiba yake haina huruma. Hizo tunazoita petali kwa kweli ni majani yaliyobadilika rangi. Ua lenyewe ni lile dogo jeupe lililo katikati. Ndiyo maana rangi hudumu wiki nyingi hata juani.

Asiye na ukuta apande kwenye chungu cha udongo chenye matundu chini. Achague cha wastani tu, kwani mizizi ikibanana kidogo mmea huchanua zaidi.