Kuuza kitabu chako cha katuni kwenye maonyesho ya vitabu: kutoka kwa mchapaji hadi mezani

Mwongozo huu ni wa mchoraji anayechapisha mwenyewe na kutaka kupeleka kazi yake mbele ya wasomaji, kwa mfano kwenye Maonyesho ya Kimataifa ya Vitabu ya Nairobi, ambayo kwa kawaida hufanyika Septemba pale Sarit Centre, Westlands. Ukumbi ule hujaa wachapishaji wa vitabu vya shule wenye vibanda vikubwa. Mwenye katuni moja ana nafasi yake humo, mradi amepiga hesabu kabla ya kulipia meza.

Anza na hesabu, kalamu ya kuchora baadaye. Tuseme unachapa nakala 60 kwa shilingi 150 kila moja: 9,000. Meza 5,000. Nauli, chakula na kitambaa cha meza 2,500. Jumla 16,500. Ukiuza kwa 300, lazima uuze nakala 55 kati ya 60 ndipo urudishe pesa tu, bila faida hata ya soda. Wengi huanguka hapa kwa sababu wanatoa 150 kwenye 300 na kudhani nusu yote ni yao. Nakala zinazobaki kwenye boksi nazo zimelipiwa.

Sasa gawana meza na mchoraji mwenzako: ada yako inashuka hadi 2,500, na unahitaji kuuza 47. Ongeza vijitabu 40 vya shilingi 50 (namna ya kuvitengeneza iko chini), vinavyokugharimu 8 kimoja, na picha 15 za A4 za shilingi 200, zinazokugharimu 60 kila moja. Vikiisha vyote, faida yake inapunguza vitabu unavyohitaji kuuza hadi 35. Tia bei za mchapaji wako na za waandalizi, kisha upige hesabu ile ile. Na bei iwe ya mamia kamili: 300 ni rahisi kuliko 350, maana chenji ya 50 itakusumbua mchana kutwa.

Kwa mchapaji

Kitabu kinachobanwa pini katikati lazima kiwe na kurasa zinazogawanyika kwa 4: 20, 24, 28. Ukileta 26, mchapaji ataongeza kurasa mbili tupu, na hutachagua zikae wapi.

Kwa A5 (milimita 148 kwa 210), acha milimita 3 za ziada kila upande kwa ajili ya kukatwa, na maneno yasikaribie ukingo kwa chini ya milimita 5. Upande wa mkunjo acha 8 au zaidi. Kadiri kurasa zinavyoongezeka, za katikati husukumwa nje kidogo na zikikatwa hupoteza zaidi ya zile za mwanzo. Ndiyo maana fremu (kisanduku cha mchoro) iliyochorwa karibu mno na ukingo hutoka imesogea au imekatwa.

Ukichora kwenye A4 na kupunguza hadi A5, kila kitu hubaki asilimia 71. Herufi za pointi 11 zinakuwa karibu 8, na hapo ndipo pa kuishia. Zikishuka zaidi, mzazi aliyesimama kwenye mwanga hafifu wa ukumbi hazisomi. Mstari wa milimita 0.1 utakatika-katika. Vivuli vya vitone vitie baada ya kupunguza ukubwa, la sivyo vitatokeza mawimbi ambayo hukuyachora.

Michoro ya wino mweusi mtupu ihifadhi kwa doti 600 kwa inchi, ya rangi 300. Maneno meusi yawe ya wino mweusi peke yake. Yakitengenezwa kwa mchanganyiko wa rangi zote nne, sahani za uchapaji zikihama hata kidogo herufi zinapata kivuli chekundu au cha buluu.

Ndani, karatasi ya gramu 80 (uzito wa mita moja ya mraba) huonyesha wino wa upande wa pili. Gramu 100 inatosha kwa katuni ya nyeusi na nyeupe. Jalada liwe gramu 200 hadi 250. Lililo jembamba likipakwa plastiki upande mmoja tu hujikunja, na kwenye unyevu wa Mombasa hujikunja haraka zaidi. Mwombe mchapaji apige alama ya mkunjo kabla ya kukunja jalada lenye rangi nzito, vinginevyo rangi itapasuka kwenye mgongo na kuacha mstari mweupe.

Peleka kazi wiki tatu kabla. Mwaka wa uchaguzi peleka mapema zaidi, kwa kuwa mitambo hujaa mabango ya wagombea. Lipia nakala moja ya majaribio, ishike, ifungue, isome kwa sauti, hesabu kurasa. Kosa utakaloliona hapo linakugharimu karatasi chache.

Huhitaji ISBN, yaani namba ya utambulisho wa kitabu, ili kuuza mezani. Maduka ya vitabu ndiyo yataidai. Nchini Kenya hutolewa na Huduma ya Maktaba za Kitaifa. Iombe kabla jalada halijakamilika ili msimbo wa mistari ukae nyuma, chini.

Kijitabu cha shilingi 50

Siku za katikati ya wiki wanafunzi huja kwa makundi, wengi wakiwa na shilingi 50 au 100 mfukoni. Mtoto aliyesoma fremu tatu za kazi yako akiwa amesimama, kisha akarudisha kitabu kwa sababu ya pesa, anastahili kuondoka na kitu chako. Kijitabu hiki hutoka kwenye karatasi moja ya A4 iliyochapwa upande mmoja, bila pini.

Ilaze A4 kwa upana na uigawe mara nane: safu mbili, kila moja na visanduku vinne. Safu ya chini, kutoka kushoto: ukurasa 6, 7, jalada la nyuma, jalada la mbele. Safu ya juu, ikiwa imepinduliwa kichwa chini, kutoka kushoto: 5, 4, 3, 2. Acha milimita 5 nyeupe kandokando, kwani mashine nyingi hazichapi hadi ukingoni. Kunja mistari yote, fungua, kisha kunja katikati ili pande fupi zikutane. Kata kuanzia kwenye mkunjo huo, ukifuata mstari wa kati, hadi ufike mkunjo unaofuata tu. Ukipitiliza hadi ukingoni, karatasi inaachana vipande viwili. Fungua, kunja kwa urefu, sukuma ncha mbili zikutane: tundu litafunguka na kurasa nane zitajipanga.

Mezani

Meza ya sentimita 180 ikigawanywa na wawili inakupa 90. Kitambaa kifike sakafuni ili kifiche maboksi. Vitabu vilivyolazwa havionekani na mtu aliye mita mbili, kwa hiyo simamisha angalau viwili kwenye kishikizo cha kadibodi, na bei iandikwe kubwa. Watu wengi wanaona haya kuuliza bei, hupita.

Weka nakala moja ya kushikwa na iache wazi kwenye ukurasa wa 4 au 5, penye tukio. Ukurasa wa kwanza mara nyingi ni wa kutambulisha mahali tu, haumshiki mtu. Andaa sentensi moja: "Ni hadithi ya msichana wa Kariobangi aliyetengeneza redio inayonasa habari za kesho." Kisha nyamaza, mpe kitabu, mwache asome. Kumweleza mtu hadithi nzima ni kumnyima sababu ya kuinunua. Mwalimu akija na darasa, msalimie yeye kwanza na umwambie kazi inafaa watoto wa umri gani.

Beba chenji ya 2,000 kwa noti za 50 na 100. Kwa M-Pesa, tumia namba ya till (ya kupokea malipo ya biashara) yenye jina linalotambulika, uichape kwa herufi kubwa. Thibitisha malipo kwenye simu yako mwenyewe, kamwe si kwa ujumbe unaoonyeshwa kwenye simu ya mnunuzi. Ukumbini mtandao huchelewa, na ujumbe wa bandia upo. Kama mnagawana meza, kila mmoja awe na till yake.

Andika kila mauzo kwenye daftari pamoja na saa. Jioni utajua ni lini watu walinunua na ni lini walipita tu. Ukiomba namba za wasomaji, waeleze utazitumia kwa nini na uwatumie hicho tu.

Nakala zilizobaki

Duka la vitabu likikubali kuziuza kwa niaba yako, mara nyingi litataka theluthi ya bei au zaidi. Kwenye 300 unabaki na 200, ukitoa gharama ya uchapaji ni 50. Kama hiyo haikutoshi, bei yako ilipaswa kuwa 400 tangu mwanzo, kwa sababu duka halitafurahi kuona unauza kwa bei ya chini mtaani. Andikisheni karatasi yenye sahihi mbili: idadi ya nakala, mgao wa kila upande, tarehe ya kuhesabu, na nani anabeba hasara ya nakala zilizochafuka.