Kabla ya kuchagua lugha ya programu, chagua mji

Siku niliyomwambia mama kwamba kazi yangu ni kuandika kodi, aliwatangazia majirani kuwa nimeajiriwa TRA, kwa wakusanya kodi ya serikali. Sikuharakisha kumsahihisha, maana wiki ile nilipewa kiti cha mbele hadi msibani. Kwenye vitabu maelekezo tunayoiandikia kompyuta huitwa msimbo, lakini ofisini sijamsikia mtu akisema hivyo. Tunasema kodi, na mwenye nyumba naye anadai kodi yake, tunaelewana.

Nina miaka tisa kwenye kazi hii, miwili Mwanza, iliyobaki Dar. Wadogo zangu wanaomaliza chuo huniuliza wajifunze Python au Java. Mimi huwauliza wanataka kuishi wapi. Kila mji una pesa yake, na programu zinazohitajika pale ni za kuihesabu pesa hiyo.

Ujue kwanza utakachokuwa unafanya. Kuanzisha mfumo mpya hutokea mara chache. Asubuhi zangu nyingi nasoma kazi ya mtu aliyekwishaacha kazi, nikijiuliza kwa nini aliweka vile. Mchana mhasibu anapiga simu. Mwaka wangu wa pili nilikuwa kwenye mfumo wa kukusanya ada za shule: mzazi analipa kwa simu, kampuni ya simu inaileta taarifa kwenye seva yetu, seva inajibu kwamba imepokea. Ijumaa moja ya kufungua shule seva ikaelemewa, ikachelewa kujibu. Wenzetu wasipopata jibu hutuma taarifa tena, na ndivyo inavyotakiwa. Sisi tukaandika malipo mawili. Wazazi zaidi ya arobaini wakaonekana wamelipa mara mbili, na benki hela ni ileile.

Jumamosi nzima nilikaa na dada wa uhasibu tukilinganisha miamala mmoja mmoja, yeye na rula juu ya karatasi, mimi kwenye skrini. Dawa yenyewe ilikuwa mstari mmoja: namba ya muamala isijirudie kwenye kanzidata, ile hifadhi ya taarifa za mfumo. Ikija mara ya pili, jibu kwamba umepokea, usiandike kitu. Mstari mmoja, na chupa mbili za chai ya rangi.

Hiyo ndiyo kazi ya Dar. Benki, kampuni za simu, bima, mawakala wa forodha bandarini. M-Pesa iliingia nchini 2008, na matangazo mengi ninayoyaona hapa yanagusa malipo kwa namna fulani. Ukitaka Dar, jifunze kuunganisha mifumo miwili isiyopendana, na uijue SQL, lugha ya kuongea na kanzidata, kama unavyojua njia ya kwenu. Fildi yako ifanyie mahali penye wahasibu, hata kama ni ofisi ndogo Kariakoo.

Dodoma ni serikali. Tangu 2017 ulipoanza mfumo wa GePG, malipo ya taasisi za umma yanapitia kontroo namba, zile tarakimu 12 zinazoanza na 99. Nyuma ya kila taasisi yuko mtu aliyeuunganisha mfumo wake, na anayeamshwa ukigoma. Mamlaka ya Serikali Mtandao iko hukohuko. Nafasi hutangazwa kwenye Ajira Portal, nawe tafuta “Afisa TEHAMA Daraja la II”. Ukitafuta programa utaondoka patupu. Andaa namba ya NIDA na vyeti vilivyothibitishwa na mwanasheria, uwe hujazidi miaka 45. Majina yako yalingane kwenye kila cheti. Nimeona mwenzangu mwenye kichwa kizuri akikwama kwa herufi h moja iliyozidi kwenye cheti cha kidato cha nne. Usaili wa kuandika una nadharia nyingi, kwa hiyo madaftari ya chuo usiyachome. Angalau safari imekuwa nyepesi: tangu 2024 treni ya umeme inakufikisha kutoka Dar kwa saa tatu na ushee.

Arusha utahesabu wageni, magari na vitanda, kwa dola na kwa shilingi. Usipeleke barua Julai, kila bosi yuko porini na watalii. Nenda wakati wa masika, Aprili hivi, wamiliki wanakaa ofisini wakitazama mvua na wana muda wa kukusikiliza.

Mwanza usisubiri tangazo, ingia dukani. Mteja wangu wa kwanza alikuwa na duka la vifaa vya ujenzi karibu na Makoroboi, akitaka kujua saruji yake inapotelea wapi. Mfumo ukamwonyesha kwamba inachukuliwa kwa mkopo na shemeji zake. Alinilipa nusu taslimu, nusu mabati.

Nairobi soko ni pana zaidi, na Microsoft ilifungua kituo chake cha uendelezaji huko 2019. Usaili ni wa Kiingereza na mafumbo ya algoriti, yaani hatua za kutatua tatizo, tena mara nyingi mtandaoni ukiangaliwa na saa. Peleka kazi zako mapema GitHub, tovuti ya kuweka kodi zako watu wazione, na suala la kibali cha kazi uliulize kabla ya kukata tiketi ya basi.

Siku hizi nami hukaa upande wa wanaosaili. Nina swali moja: mteja amebonyeza “lipa” mara mbili, utafanyaje? Wengi hukimbilia ubaoni kuchora. Mwaka jana binti mmoja kutoka Singida alikaa kimya kidogo, akaniuliza, “Kwani amekatwa mara mbili, au sisi ndio tumeandika mara mbili?” Nikaufunika ubao.