Kuweka Rimu Kubwa na Matairi Mapana kwa Gari la Mwanza

Mwenye gari anayetaka kuondoa rimu za inchi 15 na kuweka za inchi 16 au 17 anapaswa kuanza na kalamu na karatasi kabla hajafika dukani, kwa sababu kinachoamua kama gurudumu jipya litafaa ni kipenyo cha gurudumu zima, rimu pamoja na tairi lake. Kipenyo hicho kikibaki karibu na kile cha awali, kipima mwendo husema kweli na gia hufanya kazi kama zilivyopangwa kiwandani.

Hesabu yenyewe ni nyepesi. Tairi lililoandikwa 195/65 R15 lina upana wa milimita 195, na ubavu wake ni asilimia 65 ya upana huo, yaani milimita 126.75. Zidisha ubavu mara mbili, ongeza inchi 15 za rimu ambazo ni milimita 381, nawe utapata 634.5. Ukilipiga hesabu hiyo hiyo tairi la 205/55 R16 utapata 631.9, na 225/45 R17 litakupa 634.3, tofauti ambazo gari halitazihisi. Lakini 215/60 R16, ambalo kwa macho huonekana ndugu yao, hufika 664.4, karibu asilimia 5 zaidi: kipima mwendo kikisoma 80, gari huwa limekaribia 84, na askari mwenye tochi hataki kusikia habari za rimu. Usivuke asilimia 3.

Baada ya kipenyo, kagua jinsi rimu inavyokaa kwenye habu, yaani kitovu cha gari ambacho rimu hufungwa juu yake. Magari mengi madogo ya Toyota yana matundu ya nati yaliyopangwa kwenye duara la milimita 100, ilhali yale makubwa zaidi hutumia milimita 114.3, na rimu ya duara moja haiingii kwenye habu ya duara jingine hata fundi akiapa kwamba "italazimika". Tundu la katikati likiwa pana kuliko habu, weka pete ya kujazia nafasi hiyo, la sivyo usukani utatetemeka ukikaza mwendo. Ndani ya rimu mara nyingi huwa pamechapwa herufi ET na namba yake, ambayo ni umbali kwa milimita kutoka katikati ya upana wa rimu hadi uso unaogusa habu. Namba ikipungua sana kuliko ya rimu ya zamani, gurudumu hutokeza nje na kusugua fenda, nayo ikizidi sana, tairi huingia ndani na kukaribia shokapu. Vipande vya kuongeza nafasi kati ya rimu na habu sivipendi, maana huongeza mzigo kwenye boliti na beringi.

Sasa niseme la kwetu. Kwa gari linalolala Bugarika au Mabatini, ambako njia hupanda mlima na jiwe lenyewe huchomoza katikati ya barabara, ningeishia kuongeza inchi moja. Ukitoka 195/65 R15 hadi 225/45 R17, ubavu hupungua kutoka karibu milimita 127 hadi 101, na hicho kilichopungua ndicho kilichokuwa kikimeza kishindo cha jiwe na tuta. Mimi nilipanda hadi 17 kwa tamaa ya macho, na mwezi haukuisha kabla rimu ya mbele kushoto haijapinda. Anayezunguka barabara za lami tu, kati ya Capri Point na uwanja wa ndege, anaweza kujiruhusu zaidi. Akumbuke hata hivyo kwamba tairi pana lina maji mengi zaidi ya kusukuma pembeni, hivyo mvua ya ziwani ikishuka ghafla, tairi pana lililoisha kashata, yaani mikato ya uso wake, huelea upesi kuliko jembamba.

Ukinunua matairi, hasa ya mtumba, tafuta tarakimu nne za mwisho za mstari unaoanza na herufi DOT: 2319 maana yake ni wiki ya 23 ya mwaka 2019. Namba ya mzigo, inayoandikwa baada ya saizi ya tairi, nayo isiwe chini ya ile ya awali. 91, kwa mfano, hubeba kilo 615 kwa kila tairi.

Siku ya kufunga, zingatia nati. Nati za rimu za aloi zinazotoka na Toyota nyingi huwa na uso bapa, lakini spoti rimu za madukani kwa kawaida huhitaji nati zenye koni, na kuzichanganya ni kualika gurudumu lichomoke. Kaza kwa mkato wa nyota, yaani nati moja kisha ya upande wa pili, gari likiwa limeshushwa kidogo, kwa nguvu iliyotajwa kwenye kitabu cha gari. Fanya balansi na alaimenti, kisha kata usukani hadi mwisho pande zote, watu wanne wakiwa wamekaa ndani, usikilize kama kuna kinachosugua. Rudia kukaza nati baada ya kilomita kama 100. Safari ya Magu, kwenda na kurudi, inatosha. Kabla hujaondoka gereji, jaribu pia spana iliyo kwenye buti, kwani nati nyingi za madukani ni za saizi nyingine.