Panda kwa gari, shuka kwa miguu: kutembea Lushoto kwa nauli ya basi

Mimi ni fundi cherehani, Tanga mjini. Siku sita kwa wiki nimeinama juu ya mashine, na pumzi zangu ni za mtu wa kukaa. Ghorofa ya pili tu naanza kuhema. Hata hivyo mara mbili kwa mwaka nafunga banda Ijumaa jioni, Jumamosi alfajiri niko stendi ya Kange, na kabla ya mchana natembea milima ya Usambara kama mtu mwenye mapafu yake kamili. Sina gari, wala sijawahi kukodi.

Ninachofanya ni hiki: natafuta gari linalokwenda juu kuliko ninakotaka kulala, nashukia huko, kisha naitembea njia ya kurudi. Watu wengi hufanya kinyume. Wanaanza mjini Lushoto kwa miguu, wanapanda saa tatu nzima, wanafika juu wamechoka na wingu limeshafunga, halafu wanalipa bodaboda kuwarudisha. Kupanda kunamaliza pumzi, kushuka kunamaliza magoti. Pumzi hazifundishiki kwa wikiendi moja, lakini goti linafundishika, na nitaeleza nilivyofundishwa langu.

Kwanza kufika. Kutoka Tanga yapo mabasi ya moja kwa moja hadi Lushoto, yanapita Muheza, Korogwe na Mombo. Kutoka Dar es Salaam unapandia Mbezi, kwenye stendi ya Magufuli, unakuja kwa Chalinze na Segera. Hiyo ni safari ya kutwa, basi panga kulala Lushoto na kutembea kesho yake. Ukikosa basi la moja kwa moja, panda lolote la Arusha au Moshi linalopita Mombo, ushuke pale njia panda. Hapo Noah na Kosta za kupandisha mlima zinasubiri zijae, na "bado mmoja tu twende" ya konda inaweza kuchukua nusu saa.

Kutoka Mombo hadi Lushoto ni kama kilomita 33 za kona juu ya kona. Kama tumbo lako si la safari, usile chapati na supu pale Mombo, hata inukie vipi. Mimi hubeba ndimu, naikata nusu naifyonza. Karibu nusu ya njia uko Soni, na kabla hujaingia mjini yanaonekana maporomoko ya maji kando ya barabara. Upande wa huko ndiko Vuga, yalikokuwa makao ya machifu Wakilindi. Wasambaa husimulia kuwa ukoo ule ulianza na mwindaji wa nguruwe aliyeitwa Mbegha, aliyetokea Ungulu na kuwagawia watu nyama mpaka wakamfanya mtawala wao. Ukikaa karibu na mzee ndani ya gari, mguse kidogo tu kwa habari hiyo, na kona hutaziona.

Ukishuka stendi ya Lushoto, fanya kazi moja kabla ya kutafuta hata chai: uliza gari la mwisho la kushuka Mombo linaondoka saa ngapi. Usimuulize mkatisha tiketi. Mwaka wa kwanza nilimuuliza mmoja, akanijibu kwa uso mkunjufu, "Yapo mpaka usiku, dada." Saa moja jioni nimesimama peke yangu na baridi, stendi nyeupe, na nililala kwenye chumba ambacho sikukipangia bajeti. Siku hizi namuuliza mama anayekaanga maandazi. Yeye hufunga jiko lake wateja wa mwisho wakiondoka, kwa hiyo saa anaijua.

Njia ya kuanzia, hata kwa mtu aje na watoto, ni ya Irente. Kutoka mjini ni kama kilomita sita hadi kwenye jabali. Kwenda chukua bodaboda, patana bei kabla ya kupanda. Fika kabla ya saa nne kama ni Januari au Februari. Mwezi wa sita na wa saba subiri kidogo, maana ukungu wa asubuhi hukaa, na utasimama ukingoni unaangalia sufuria ya maziwa. Ukungu ukiinuka, ardhi inakatika mbele ya miguu yako karibu mita 1,000. Chini kabisa ni Mazinde, mistari ya mkonge iliyopigwa kama kwa rula, barabara kuu yenye malori madogo kuliko punje za mchele, kisha nyika inayokwenda mpaka macho yanachoka. Upepo ukivuma kaa chini, usijifanye shujaa wa kupiga picha. Ukidaiwa ada ya kuingia, lipa, na omba risiti.

Kurudi ndiko kutembea kwenyewe. Barabara ni ya udongo mwekundu, mteremko wa upole, nyumba za matofali, vihamba vya migomba na mikaratusi inayonukia baada ya mvua. Njiani kuna Shamba la Irente, wanakouza jibini, jamu na mkate wa kwao. Ukitaka chakula cha mchana hapo, agiza wakati unapopita kwenda juu, ukirudi kimeiva. Usiagize ukiwa tayari una njaa.

Ni kwenye njia hiyo nilipofundishwa goti. Nilikuwa nimevaa raba za mtumba, nzuri kweli kwa macho, soli imeisha kama sahani. Kulikuwa kumenyesha usiku. Nikateleza, nikakaa kitako kwenye tope, na nyuma yangu anakuja bibi mmoja, mzigo wa kuni kichwani, miguuni yeboyebo. Nikamwamkia nikiwa pale pale chini. "Shikamoo bibi." "Marahaba mwanangu. Unashuka kama gunia." Hakusimama, maana mwenye mzigo hasimami mteremkoni. Alinipita huku akinionyesha: mguu kaupindisha ubavu, hatua fupi fupi, anakwenda kulia kidogo, kisha kushoto kidogo, kama sindano ya zigizaga. Magoti yamelegea, hayanyooki hata mara moja. Akifika penye utelezi anatafuta nyasi za pembeni, katikati ya njia hakanyagi. "Mbuzi hashuki wima," akasema bila kugeuka, akapotea kwenye kona. Tangu siku hiyo nashuka hivyo, na asubuhi yake naweza kukanyaga pedali.

Kwa hiyo viatu: raba zenye meno, au hata mabuti ya mpira mwezi wa nne, na soksi nzito. Lakini ushauri wangu ni kwamba Machi hadi Mei uiache milima ipate mvua yake, wewe baki nyumbani. Vuli nayo ina utelezi, ila siku kavu zipo katikati. Sweta ni lazima, watu wa pwani hatuamini mpaka usiku ufike. Lushoto mjini ni kama mita 1,400 juu ya usawa wa bahari, na Juni blanketi moja halitoshi. Maji lita moja na nusu, karanga, ndizi mbivu, fimbo. Na kwa kuwa ushoni ndio kazi yangu: shona kijimfuko ndani ya kiuno cha suruali, weka humo nauli ya kurudi hadi nyumbani, ushone juu nyuzi tatu za mkono. Usiifungue mpaka umeliona basi.

Ukishazoea Irente, nenda Magamba. Asubuhi panda gari la Lukozi au Mlalo, mwambie konda akushushe Magamba. Hapo kuna Hifadhi ya Mazingira Asilia, iko chini ya Wakala wa Huduma za Misitu, na msituni huingii kienyeji: kuna kibali, kuna ada, raia analipa kidogo kuliko mgeni, na unapewa mwongoza njia. Mchukue, usimwone gharama. Peke yangu ningepita chini ya mkulo, mti mnene kuliko kibanda changu cha ushonaji, nisijue jina lake. Yeye ndiye aliyenisimamisha akaninyooshea kidole juu: mbega wawili, manyoya meupe yananing'inia kama vitambaa vya kukaushwa. Na kinyonga mwenye pembe puani alikuwa shubiri moja kutoka usoni kwangu, kwenye tawi nililotaka kulishika.

Ukitoka msituni, mteremko hadi Lushoto ni mwendo wa saa mbili kwa mtu wa kawaida, tatu kwa mimi ninayesimama kuangalia kabichi. Bustani za mboga zimejaa mabondeni, karoti na viazi kwenye matuta. Usikatishe juu ya tuta hata kama njia ya mkato unaiona. Tuta likibomoka, mvua inashuka na udongo wa mtu. Salimia kila unayemkuta. Salamu ya Kisambaa, hata ukiitamka vibaya, inakupatia maelekezo mazuri kuliko simu. Na ukikutana na mwenye mzigo, wewe ndiye unayepisha.

Mtae sikushauri kwa safari ya kwanza. Ni mbali, kijiji kimekaa kwenye mgongo wa mlima, na mabasi ya kutoka huko huondoka usiku wa manane au alfajiri. Nenda ukiwa na siku tatu, ulale huko.

Siku ya kuondoka wahi stendi saa moja kabla, hasa siku za gulio, kwani magunia hupata nafasi kabla ya abiria. Msimu wa mwisho wa mwaka, gari likipunguza mwendo, vijana watakuinulia dirishani ndoo za matunda damu na mapeasi. Nunua yaliyo magumu kidogo. Yaliyoiva sana hayafiki Muheza, na utakayemchafulia gauni ni jirani yako wa kiti.